Ngumu Wapi, Laini Wapi: Mjadala wa Koilova Kati ya Masasi na Newala

MWANDISHI: Kati ya magari ya mtumba yanayotoka Japani na kuishia Masasi na Newala, yamo yaliyoundwa kwa ajili ya dereva anayependa kuendesha: Mark X, Altezza, Legacy B4, Impreza. Ni sedani zilizopangwa kwa lami ya Japani, zikiwa na takribani sentimita 15 kati ya tumbo la gari na barabara. Swali ninaloliweka mezani ni kama mwenye gari la namna hiyo, akiishi huku kusini, ana sababu ya kung'oa shokapu na springi alizozikuta na kufunga koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja, ambazo urefu na ugumu wake hurekebishwa. Wasemaji wawili, mwenye gari na fundi, nimewatunga ili hoja zikutane uso kwa uso. Msimamo wangu nautaja mapema: mkazi wa Masasi au Newala ana sababu ya kununua koilova kuliko hata mkazi wa Dar es Salaam, ila sababu hiyo si ile inayowafanya wengi wainunue.

MWENYE GARI: Fundi, mimi nimeshaamua. Hela ya korosho ikiingia tu, nafunga koilova. Gari likishuka kidogo linapendeza, na likiwa gumu halilali kwenye kona. Kutoka Masasi kupita Ndanda hadi Mingoyo ni lami, kona zipo, nami nataka gari linalonisikia. Tena si ya kurekebisha? Nikienda Newala nalinyanyua, nikirudi nalishusha.

FUNDI: Taratibu, kaka. Atakayelinyanyua nani? Kunyanyua maana yake jeki, matairi manne yatoke, nati zilegezwe kwa spana zake, kila upande upimwe kwa futi, kisha gari lipelekwe alaimenti. Hiyo si kazi ya kufanya kila ukitaka kwenda kumsalimia mama Newala. Na lile vumbi jekundu likishaingia kwenye meno ya bodi ya shokapu, mvua ikapiga, likaganda, nati haizunguki tena. Nitaigonga na nyundo mpaka meno yaishe, na hapo urefu uliouacha ndio utakaobaki nao.

MWANDISHI: Fundi amegusa jambo ambalo matangazo ya wauzaji hayaligusi. Urefu wa gari, ambao ndio unaowavuta wanunuzi wengi, kwa kweli hurekebishwa siku ya kufunga na baada ya hapo hauguswi. Lakini hata kama nati zingezunguka kila siku bila taabu, bado kushusha gari huku ni kununua hasara, na sababu yake imo ndani ya shokapu yenyewe. Kila shokapu ina safari yake: umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kabla ya kugonga mpira wa kuzuia, na umbali linaloweza kushuka kabla ya fimbo kufika mwisho. Tuseme gari limeachiwa sentimita 8 za kupanda. Ukilishusha sentimita 4 kwa kufupisha springi, umebaki na nne. Shimo lililokuwa likimezwa na springi sasa linamezwa na mpira, na nguvu inayobaki inakwenda kwenye mauntingi, kwenye boljointi, kwenye bodi. Ndiyo maana wazalishaji wenye kujali hutengeneza koilova ambayo urefu wa gari hubadilishwa kwa kuzungusha mguu wa chini, huku springi na safari ya shokapu vikibaki vilevile. Ile ya bei rahisi hubadilisha urefu kwa kupandisha au kushusha kikalio cha springi tu, na kila ukizungusha unaiba safari upande mmoja kuupa mwingine. Anayenunua bila kuuliza tofauti hii hajui alichonunua.

Na barabara yenyewe inahitaji safari ndefu ya shokapu. Masasi imekaa chini, kati ya vilima vya mawe; Newala imekaa juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, pale ambapo ardhi inakatika ghafla kwenye Shimo la Mungu na bonde la Ruvuma kuonekana kwa mbali. Kati ya miji hii miwili dereva anaacha ardhi ya mawe na changarawe, anapanda ukingo, anafika kwenye mchanga mwekundu wa uwanda. Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, ambayo njia hii ni sehemu yake, imo kwenye mradi wa kuiwekea lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na Daraja la Mwiti. Barabara inayojengwa ni mtihani mgumu kwa gari kuliko iliyo mbovu tangu mwanzo hadi mwisho, maana inakupa kipande kilichoshindiliwa, kisha mchepuo wenye mawe, kisha kifusi, kisha tena kipande laini kinachokushawishi uongeze mwendo. Gari lililoshushwa linapita salama kwenye kipande cha kwanza tu.

MWENYE GARI: Basi nilifanye gumu bila kulishusha. Springi ngumu, shokapu ngumu. Barabara mbovu si inataka kitu imara?

MWANDISHI: Imani hii, kwamba ugumu ni uimara, ndiyo inayoua shokapu nyingi, nami naomba tuitazame kwa hesabu. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja vijituta, tuseme kijituta na kijituta vinaachana kwa sentimita 70. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa linakwenda karibu mita 16.7 kila sekunde, na hiyo ina maana kila gurudumu linapigwa kama mara 24 kwa sekunde. Bodi ya gari haiwezi kufuata mapigo ya kasi hiyo na haitakiwi kuyafuata. Gurudumu ndilo linalopaswa kupanda na kushuka huku bodi ikitulia. Sasa chukua kona moja ya gari yenye uzito wa kilo 350, springi yake ikiwa na nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita pale kwenye gurudumu: bodi itacheza karibu mara 1.3 kwa sekunde, mwendo ambao abiria anaustahimili. Weka springi ya nyutoni 60, ambayo si ajabu kwenye koilova za uwanja wa mashindano, na bodi hiyohiyo itacheza mara 2 kwa sekunde. Sehemu kubwa zaidi ya kila pigo sasa inapanda hadi kwenye kiti, na gurudumu linaruka juu ya vijituta badala ya kuvifuata. Gurudumu lililo hewani halishiki breki, halishiki usukani. Dereva anahisi gari gumu na kudhani limeshika barabara, kumbe linateleza juu yake.

Upande wa shokapu una mtego wake. Shokapu hufanya kazi mbili: kuzuia gurudumu lisipande kwa pupa na kuzuia springi isirudi kwa pupa. Koilova nyingi zenye kirungu kimoja cha kuzungusha hubadilisha zaidi ile kazi ya pili, kurudi. Ukiifanya ngumu mno kwenye vijituta, gurudumu linabanwa na kijituta cha kwanza, na kabla halijamaliza kushuka kijituta cha pili kinalibana tena, kisha cha tatu. Gari linazama kidogo kidogo mpaka linakwenda likiwa limekalia mipira ya kuzuia, na dereva anailaumu springi kwamba ni laini. Anaongeza ugumu. Hali inazidi kuwa mbaya. Dawa ni kinyume cha anachodhani: legeza kurudi, mpe gurudumu nafasi ya kufika chini.

Hapa ndipo ninapoona faida halisi ya koilova kwa watu wa huku. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda kazini na kurudi kwa lami kila siku ataweka kirungu mahali pamoja na kukisahau. Amelipia kitu asichokitumia. Mtu anayetoka Mingoyo kwa lami, akapita Ndanda kwa mwendo mzuri, akafika Masasi na kuanza kupanda kuelekea Newala, amebadilisha barabara ndani ya safari moja. Vilevile amebadilisha mzigo: asubuhi alikuwa peke yake, jioni ana watu wanne na magunia kwenye buti. Springi iliyobeba uzito zaidi inahitaji mkono mzito zaidi wa kuizuia isirudi kwa kasi. Kwa dereva wa namna hii kirungu ni kifaa cha kazi. Anasimama Masasi, anafungua boneti, anazungusha kliki chache kuelekea laini, na dakika tano baadaye yuko njiani. Hakuna jeki wala alaimenti.

FUNDI: Mbele sawa, boneti inafunguka. Nyuma je? Kwenye sedani nyingi kichwa cha shokapu ya nyuma kimejificha nyuma ya kiti au chini ya ubao wa buti. Atafungua kiti kila akifika Masasi?

MWANDISHI: Swali hili ni la kumpelekea muuzaji kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kwa magari hayo zipo nyaya za kurefusha kirungu mpaka mahali mkono unapofika, na seti isiyo nazo, wala isiyo na namna ya kuzifunga, inampunguzia mnunuzi nusu ya faida aliyoifuata.

MWENYE GARI: Lakini magari ya mashindano ni sedani hizihizi, Impreza na Lancer, na yanakimbia kwenye vumbi yakiwa magumu na ya chini. Tunayaona.

MWANDISHI: Tunayaona ya lami na kuyachanganya na ya vumbi. Ukanda wetu una ushahidi wa zaidi ya miaka 70 kwenye jambo hili, kwa kuwa Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi ilihesabiwa kuwa miongoni mwa mitihani mikali kuliko yote duniani kwa magari ya kawaida yaliyoboreshwa. Joginder Singh aliishinda 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tommi Mäkinen alishinda 1996 kwa Lancer, Colin McRae 1997 kwa Impreza. Tazama picha za magari hayo yakiwa Safari: yamenyanyuliwa, matairi yana kuta nene, chini kuna bamba la kulinda sampu, na kati ya tairi na bodi kuna nafasi ya ngumi. Magari yaleyale yalipokwenda kwenye mashindano ya lami, Corsica kwa mfano, yalifungwa springi nyingine na kushushwa mpaka matairi yakakaribia kufichwa. Timu zilizokuwa na fedha na wahandisi wa kutosha hazikuamini kwamba seti moja ingeweza kufanya kazi zote mbili. Zilipofika Afrika zilinunua safari ndefu ya shokapu na springi ya wastani, na ugumu zikauweka kwenye kurekebisha mafuta ndani ya shokapu. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 kule Naivasha, mwelekeo ulikuwa uleule. Mwenye Impreza wa Masasi anayetaka kufuata magari hayo afuate na hilo.

FUNDI: Mimi nina shida mbili zaidi, na ndizo ninazozijua kwa mikono. Ya kwanza, gari la mtumba linakuja na bushi zilizokwisha, boljointi inacheza, stabilaiza linki inagonga, mauntingi imepasuka. Mtu anafunga koilova mpya juu ya hayo, kelele inabaki palepale, lawama inakuja kwangu. Ya pili, koilova ikivuja mafuta hapa Masasi, nani anaifungua? Shokapu ya kawaida natoa, naweka nyingine, mwenye gari anaondoka.

MWANDISHI: Kwa shida ya kwanza sina la kubishana. Koilova haiwezi kusema na barabara kupitia bushi iliyooza. Pesa ya kwanza iende kwenye mipira na viungo, na kwa baadhi ya magari pesa hiyo itatosha, kwa kuwa mwenye gari atagundua kwamba alichokuwa akikilalamikia hakikuwa shokapu kabisa. Ningeongeza matairi. Tairi la 215/60R16 lina ukuta wa karibu sentimita 13. La 225/45R18, ambalo lina karibu kimo kilekile kwa jumla, lina ukuta wa sentimita 10 tu. Anayerudi kutoka rimu ya 18 kwenda ya 16, ikiwa breki zinaruhusu, amepata sentimita 3 za mpira na hewa kila kona, na hakuna koilova inayoweza kumpa ulaini huo kwa bei hiyo. Najua rimu kubwa inapendwa. Inapasuka pia.

Shida ya pili ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu, na haifai kupitwa kwa haraka. Shokapu za kurekebisha zimegawanyika. Zipo za bomba moja, ambamo gesi ya naitrojeni imetengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea. Hizi hupoa haraka na mafuta yake hayatoki povu kwa urahisi, faida kubwa kwenye vijituta vya kilomita kadhaa mfululizo, pale ambapo shokapu dhaifu huchemka na kupoteza nguvu gari likiwa katikati ya safari. Lakini bodi ya shokapu hiyo ndiyo silinda yenyewe: jiwe likiibonyeza, pistoni inakwama. Zipo za bomba mbili, ambazo bomba la nje likibonyea la ndani linaendelea na kazi. Hizi huvumilia mawe ila huchoka mapema kwa joto. Kwa anayekimbia kwenye changarawe ya mchepuo na mwenye nafasi ya kufunga kinga ya plastiki nene kwenye bodi, nitamshauri bomba moja. Kwa anayekwenda taratibu akiwa na familia, bomba mbili. Ile isiyofunguka kabisa, iliyozibwa kwa kuchomelewa na ambayo muuzaji hana sili wala fimbo ya akiba, isinunuliwe na yeyote anayeishi mbali na Dar es Salaam. Thamani ya koilova huku inapimwa kwa siku itakapovuja. Kama sili inapatikana na kuna mtu wa Gerezani au Ilala, huko Dar es Salaam, anayeweza kuifungua, kuisafisha na kuijaza gesi upya, kifurushi kinakwenda kwa basi na kurudi. Kama hakuna, fundi yuko sahihi: shokapu mpya ya kawaida, ya kampuni inayojulikana, yenye urefu wa kiwandani, ni chaguo bora, na asiyesafiri kati ya lami na vumbi mara kwa mara hapotezi kitu akiishia hapo.

MWENYE GARI: Wengine wanaweka spesa juu ya shokapu, gari linapanda, bei yake ndogo. Mnaionaje?

MWANDISHI: Spesa inalinyanyua gari bila kuongeza safari ya shokapu hata milimita. Sampu inaliepuka jiwe, na hilo ni jambo la maana; lakini mikono ya chini inakaa kwa pembe isiyopangwa, boljointi inafanya kazi ikiwa imeelekea ukingoni, sivi jointi kwenye Impreza na Legacy zinazunguka zikiwa zimekunjwa, na alaimenti inahama. Spesa nyembamba, iliyofungwa sawa pande zote na kufuatiwa na alaimenti, naikubali kama hatua ya muda. Nene naikataa. Koilova inayopandishwa kwa mguu wa chini kupita kiasi ina kosa hilohilo, kwa hiyo jina lake lisimtishe wala lisimvute mtu.

MWENYE GARI: Na lami ikifika Newala? Si hoja yenu yote itakuwa imekwisha?

MWANDISHI: Itapungua, nami nitafurahi, kwa kuwa barabara hiyo imesubiriwa muda mrefu na watu wa uwanda wanaistahili. Lakini lami ya kwetu ina matuta kwenye kila kijiji na rasta kabla ya matuta, na tuta ndilo linalolikamata bampa la gari lililoshushwa. Tena barabara kuu si barabara yote. Njia za kwenda maghalani na mashambani, zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zitabaki za udongo kwa miaka. Msimu wa korosho unaanza karibu na Oktoba, kiangazi kimeshaivunja njia, malori yanapita na magunia mchana na usiku, vumbi na vijituta vimefika kilele. Malipo ya mnada wa korosho yanapowafikia watu, mvua za Desemba zinakaribia. Pesa ya kurekebisha gari inaingia mkononi wakati barabara inageuka kutoka vumbi kwenda tope, na anayenunua kwa kutazama lami ya Mingoyo peke yake ananunua kwa ajili ya barabara ambayo, kwa miezi ile, ni sehemu ndogo ya safari zake.

Namna ya kumaliza ubishi ipo, na haihitaji mashine. Kabla ya kununua chochote, fundi afunge tai ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya kila shokapu, ikiwa imegusa bodi, kisha gari liende Newala na kurudi likiwa na mzigo wake wa kawaida. Tai itasukumwa na kubaki pale ambapo shokapu ilifika ilipobanwa zaidi. Ikiwa imesukumwa mpaka kwenye mpira wa kuzuia kwa nyuma na mbele, gari hilo lina njaa ya safari na springi. Ikiwa zimebaki sentimita mbili tatu na bado gari linayumba, tatizo ni shokapu iliyochoka au bushi.

MWENYE GARI: Na nikikuta imebaki nafasi?

FUNDI: Tunabadilisha bushi na shokapu za kawaida, hela nyingine inabaki. Ikigonga mpira, tunatafuta koilova yenye kirungu, ya mguu wa chini, springi ya wastani, na sili zake unanunua siku hiyohiyo unaponunua seti, usingoje ivuje. Urefu naupima kwa futi, nafunga sentimita moja au mbili juu ya ulioukuta, nafunika meno kwa kitambaa cha mpira, na hiyo nati usiniambie tena niiguse. Kirungu ni chako. Lete gari Jumatatu, tuanze na tai za plastiki.